Mtoto aanze na pengwini wa Afrika kabla ya yule wa kwenye katuni (uzi wa walimu wa awali na wazazi, Kigoma na Tabora)

mwl_ujiji aliandika:

Wakuu habari za jioni, walimu wenzangu na wazazi wenye watoto wa miaka minne mpaka sita naomba tusogee hapa kidogo. Mimi nafundisha awali huku Ujiji na jambo langu leo ni moja tu, pengwini. Najua kuna mtu atashangaa, lakini angalieni wenyewe majumbani kwenu, mtoto wa Kigoma hajamjua hata korongo vizuri ila pengwini ameshamuona kwenye katuni, kwenye begi la shule, kwenye pajama la mtumba, kwenye chati ya herufi pale kwenye P. Watoto wanampenda ajabu. Ukimtaja tu darasa zima linanyanyuka linaanza kutembea kwa kuyumba. Kwa mwalimu hiyo ni bahati kubwa na ndio maana inaniuma kuona tunavyomfundisha hovyo.

Hovyo kivipi. Chukua kitabu cha picha katika vile vya msaada vinavyokuja kwenye maboksi, fungua, utakuta pengwini kasimama kwenye theluji, pembeni yake dubu mweupe anacheka, nyuma yao kuna kile kinyumba cha duara cha barafu. Sasa dubu mweupe anaishi kaskazini kabisa ya dunia na pengwini wako upande wa kusini, hao wawili porini hawajawahi kuonana. Vile vinyumba ni vya watu wa kaskazini huko huko kwa dubu, Antaktika haina wenyeji, wanaenda watafiti na watalii wanakaa wanarudi kwao. Ukurasa mmoja tu mtoto ameshabeba mambo mawili ya uongo na atakaa nayo mpaka la saba na kuendelea, nimeshakutana na watu wazima wenye shahada wanaoamini dubu mweupe anakula pengwini.

Lakini kubwa zaidi kwangu mimi ni hili la kumfanya pengwini awe ndege wa baridi tu na wa mbali tu. Pengwini yupo Afrika jamani! Yuko Namibia na Afrika Kusini, anaitwa hivyo hivyo pengwini wa Afrika, urefu wake sm 60 mpaka 70 hivi, anasimama kwenye mchanga jua linawaka na watu wanaogelea pembeni yake. Pale ufukwe wa Boulders, Simon's Town, karibu na Cape Town, mwaka 1982 walianza kutaga jozi mbili tu, baadaye wakafika maelfu wakawa wanaingia mpaka kwenye bustani za watu. Analia kama punda, mfumbe mtoto macho umpigie hiyo sauti kwenye simu atakwambia punda bila kusita. Juu ya macho ana kipande cha ngozi ya pinki ambacho hakina manyoya, joto likizidi damu inapita hapo kwa wingi ili mwili upoe. Huyo ndio wa kuanza nae. Mtoto wetu anajua jua, anajua mchanga, anajua dagaa, na huyu ndege chakula chake ni dagaa wa baharini. Ukianza na theluji umeanza na kitu ambacho hata mwalimu mwenyewe hajawahi kukishika.

Ninavyofanya mimi, siku ya kwanza kitabu sitoi kabisa. Naweka beseni la maji chini, natoa unyoya wa bata na unyoya wa kuku, watoto wanachuchumaa kuzunguka beseni. Tone moja kwenye unyoya wa bata linakaa juu duara linang'aa, ukiinamisha kidogo linateleza lote linadondoka na unyoya umebaki mkavu, wanagombania kugusa. Wa kuku ukiuzamisha ukauacha kidogo zile nyuzi za chini zinashikana unabaki mwembamba. Hapo nauliza nani ana nguo nzuri ya kwenda ziwani. Pengwini manyoya yake ni mafupi, magumu, yamebanana na kupandana, na karibu na mkia ana tezi ya mafuta anayachukua kwa mdomo anajipaka mwili mzima ili yasichakae. Baada ya hapo ndio kitabu kinafunguliwa, na cha Kiingereza sitafsiri mstari kwa mstari, nafunika maandishi na kiganja tunasoma picha kwanza, wao ndio wanasema wanaona nini.

Naomba na nyie mseme mnafanyaje hasa upande wa video maana huko ndio kuna mambo mengi. Karibuni.

Bangwe Kwetu aliandika:

Mwalimu nakuheshimu ila hapa tutofautiane. Mtoto wa Kigoma KKK zenyewe (kusoma, kuandika, kuhesabu) bado, hajui kutofautisha samaki wetu mgebuka na kuhe, Gombe iko hapo juu unaenda na boti, sokwe wetu ambao Jane Goodall alikuja kuwasoma toka 1960 hawajui, alafu unamletea ndege wa Cape Town. Kwanini tusianze na vya kwetu vikaisha ndio tukaenda vya wenzetu?

mwl_ujiji aliandika:

Kaka Bangwe hoja yako ni ya maana na sikupingi kwenye sokwe, sokwe tunawafundisha na kuhe wanamjua sababu wanamla. Ila vya kwetu haviishi, mtoto hafundishwi hivyo kwamba anamaliza box la Kigoma ndio anafungua box la dunia. Pengwini hajaletwa na mimi, kaletwa na katuni, mimi namkuta tayari yuko kichwani mwa mtoto kavaa skafu. Kwa hiyo kazi yangu ni kumvua hiyo skafu.

Na KKK ndio humo humo. Nimechora pengwini watatu ukutani kwa urefu wao halisi, yule mkubwa wa Antaktika anayefika sm 120, wa kwetu Afrika wa sm 65, na yule mdogo wa bluu wa Australia na New Zealand ambaye ni sm 33 tu, rula ya shule na kidogo juu yake. Mtoto wa awali anaenda kusimama mgongo ukutani anakuta yule mkubwa kamzidi kichwa! Hawaamini. Wanaitana, wanapimana, wanabishana nani kamfikia mdomoni na nani kamfikia jichoni, na hapo neno "mrefu kuliko" na "mfupi kuliko" halihitaji somo tena. Kuhesabu mayai pia, wa Afrika anataga mawili yule mkubwa anataga moja. Mtoto ambaye alikua haongei kabisa toka aanze shule aliongea kwa ajili ya huyo pengwini wa ukutani, alisema "mimi ni mkubwa" akionyesha yule wa bluu. Mimi kwa hilo tu siwezi kumuacha.

Mzee wa Kibirizi aliandika:

Habari za saa hizi vijana. Mimi sio mwalimu nimevua ziwa hili toka ujana, mjukuu wangu ndio kanisomea hii. Nataka kusema huyo Bangwe na mwalimu mnaongea kitu kimoja. Huku tuna mnandi. Mnandi ni ndege mweusi anazama, anaingia chini anatoka mbali kabisa na samaki mdomoni, wakati mwingine anaingia kwenye wavu tunamtoa. Akimaliza kuvua anapanda kwenye jiwe au kwenye mti wa mtumbwi anatanua mabawa yote mawili anakaa hivyo hivyo muda mrefu kajianika. Sasa nauliza huyo pengwini nae anajianika? Maana kama anazama kama mnandi basi watoto waanze na mnandi wanamuona kila siku asubuhi tukirudi na mitumbwi.

mwl_ujiji aliandika:

Shikamoo mzee wangu, umenipa kitu cha wiki nzima hapo.

Pengwini hajianiki kwa namna hiyo. Mnandi manyoya yake ya nje yanakubali kulowa, inamsaidia kuzama vizuri maana hewa inatoka, ndio maana lazima ajianike baadae. Pengwini maji hayaingii mpaka kwenye ngozi kama manyoya yake ni mazima, chini yake kuna hewa imekaa inamtunzia joto. Alafu kitu kingine mzee, mnandi chini ya maji anapiga miguu mabawa kayabana, pengwini anapiga mabawa, kule chini anaruka kabisa ila kwenye maji, miguu iko nyuma inageuza tu. Na mifupa ya ndege wengi ina uwazi ndani ili wawe wepesi, ya pengwini imeshiba ni mizito kwa hiyo kuzama kwake ni rahisi. Yule mkubwa wa Antaktika ameshapimwa akizama zaidi ya mita 500.

Kwa hiyo nafanya hivi, nitawapeleka watoto mwaloni asubuhi wamuangalie mnandi kajianika, wakirudi ndio wanauliza mbona pengwini kwenye picha hatanui mabawa. Hilo swali likitoka kwao wenyewe limekaa, nikilisema mimi wamesahau kabla ya uji.

MamaPacha aliandika:

Mwalimu mimi nina la video. Nina mapacha wana miaka minne na nusu, baba yao aliwawekea zile za wanyama kwenye TV sio katuni zile za kweli kabisa, ikafika sehemu kifaranga cha pengwini kimekufa na baridi mama yake anakisukuma sukuma na mdomo. Walilia wote wawili na usiku mmoja akaamka analia tena. Sasa baba yao anasema tuwazimie izo za kweli warudi kwenye katuni tu, mimi naona kama tunawaficha dunia. Unasemaje na ninyi wengine mnasemaje?

Tabora Ipuli aliandika:

Mama hapo mimi ningezima. Miaka minne bado sana.

mwl_ujiji aliandika:

Mama pole, na pole kwa mapacha. Mimi sizimi ila siachii.

Video za kweli zile ndefu zimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima, wametia muziki wa huzuni pale makusudi, sauti ya msimulizi inashuka, mtu mzima mwenyewe machozi yanamlenga. Mtoto anashika ule muziki kuliko picha yenyewe. Kwa hiyo la kwanza natoa sauti, video ya mtoto wa awali kwangu ni bubu, msimulizi ni mimi. La pili nakata kipande kifupi dakika mbili au tatu nakiangalia mwenyewe kwanza mpaka mwisho kabla mtoto hajakiona, hilo ni lazima mama, hata kama unamuamini sana aliyekutumia. Kuzama majini, kutembea kwa foleni, kuteleza na tumbo kwenye barafu, kumlisha kifaranga, hivyo vipande vinatosha mwezi mzima.

Kuhusu kifo sidanganyi. Watoto wa Ujiji wanaona dagaa wanaanikwa mchangani kila siku, kuku anachinjwa uani wanaangalia, kufa wanakujua. Wanachokua hawajakizoea ni kuachwa na mama, na hicho ndio kilichowaliza wa kwako, sio kifo chenyewe, jaribu kuwauliza taratibu utasikia wanachosema. Wakiuliza mimi nasema ndio, wengine hawafiki, baridi ni kali, na wengine wengi wanafika, tuwaangalie wanaofika. Alafu naonyesha vifaranga wakubwa wamejikusanya pamoja wazazi wameenda kutafuta samaki, na mzazi akirudi anaita, kila mmoja ana sauti yake, kifaranga kinaitambua sauti ya mzazi wake katikati ya kelele za maelfu. Hapo wanatulia kweli kweli. Mama wewe ukirudi sokoni ukiita mlangoni wanakujua kabla hawajakuona, waambie hivyo.

Katuni sikatazi ila inakuja mwisho. Mtoto akishamjua pengwini wa kweli mwekee katuni dakika tano alafu cheza nae mchezo wa kukamata, nini hapa ni cha kweli na nini wamechora tu. Wanashika hatari! "Mwalimu pengwini hana meno", "mwalimu mbona dubu yuko hapa", "mwalimu mbona ana vidole mkononi". Mdomoni kweli hana meno, ulimi na kaakaa lake vina miiba imeelekea kooni, samaki akiingia hatelezi kurudi nje. Huo mchezo ndio unanipa raha kuliko yote maana mtoto wa miaka mitano anaikagua TV, haimezi tu kila kinachopita.

Baba Zuu wa Gungu aliandika:

Mwalimu mimi ni mzazi wa mmoja wa hao watoto wako nadhani, maana binti yangu alirudi nyumbani akaniwekea kiazi juu ya miguu akasema baba usitembee hovyo yai litaanguka. Nikamuuliza mama yako je, akasema mama kaenda kula samaki. Nilitamani kujua hiyo habari imekaaje kwa ukamilifu ili nimjibu vizuri maana maswali yake ni mengi na nataka awe na pa kuuliza nyumbani.

mwl_ujiji aliandika:

Baba Zuu umenifurahisha sana. Ni hivi, yule mkubwa wa Antaktika anazaa kipindi cha baridi kali kabisa, jike akishataga lile yai moja anampa dume na kurudi baharini kula. Dume anaweka yai juu ya miguu yake analifunika na mkunjo wa ngozi ya tumbo, yai likigusa barafu muda mfupi tu limekwisha. Anakaa nalo siku 65 hivi, hali kitu, na ukijumlisha na siku za mwanzo alizokuwa anatafuta mchumba inakaribia miezi minne bila chakula. Upepo ukizidi madume yanajibana kwenye kundi moja kubwa na kusogea taratibu, walioko pembeni kwenye upepo wanaingia kati na waliokua kati wanatoka nje, hakuna anayekaa kwenye joto peke yake. Jike anarudi yai linapokaribia kupasuka au limeshapasuka. Darasani tunacheza hilo, viazi juu ya miguu na wote wamejibana wanazunguka. Mwambie pia Zuu kwamba wa Afrika wanapokezana baba na mama, yai linakaliwa siku 40 hivi kwenye shimo au chini ya kichaka, kule shida sio baridi ni jua kali.

Alafu naomba nikwambie kitu kama mzazi, wewe ukikaa nae ukamsomea hata kurasa tatu jioni ni kazi kubwa kuliko yangu ya wiki. Akina baba wengi wa huku kusoma kitabu cha picha na mtoto wanaona ni kazi ya mama au ya dada. Pengwini amenisaidia hapo, wakisikia habari ya dume kukaa na yai wanakuja wenyewe kuuliza.

Tabora Ipuli aliandika:

Mwalimu huku Tabora mnandi utamtafuta bwawa la Igombe na watoto huwezi kuwapeleka wote, mimi nina zaidi ya themanini chumba kimoja na simu moja ya kwangu mwenyewe kioo kimepasuka. Video hapo sahau, wa mbele wanaona wa nyuma wanasukumana mpaka wanaumizana. Na kitabu kimoja kwa watoto themanini ni hivyo hivyo. Sisi tunafanyaje?

mwl_ujiji aliandika:

Dada yangu, au kaka, hapo ndio nasema simu iweke mfukoni kabisa. Toka nao nje. Chora pengwini uwanjani chini kwenye vumbi kwa fimbo, au kwa majivu, urefu ule ule halisi, wagawe makundi kila kundi na pengwini wake wajaze kwa majani makavu mgongoni na unga wa majivu tumboni. Hapo waulize kwanini mgongo mweusi tumbo jeupe. Jibu ni zuri mno, adui akiwa juu anaangalia chini anaona mgongo mweusi kwenye maji meusi, adui akiwa chini akiangalia juu tumbo jeupe linapotelea kwenye mwanga wa juu. Mgebuka na dagaa wetu nao wako hivyo, mgongo umeiva tumbo linang'aa, nunua wachache sokoni uwaonyeshe, Tabora dagaa wa Kigoma hawakosekani hata wakavu.

Kitabu kimoja kisomee kundi dogo dogo kwa zamu kwenye kona ya kusoma wengine wakiwa kwenye kona nyingine, utachoka ila wanaona. Kalenda za zamani na magazeti ukikuta picha kata bandika kwenye manila. Na usidharau mdomo wako, hadithi isiyo na picha wanaisikiliza vizuri tu kama unaitoa moyoni.

Mha wa Cape aliandika:

Mwakeye ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa Kasulu ila niko Cape Town kwa shughuli zangu, nimekuta huu uzi nimefurahi mno sababu Boulders nimefika. Kwanza jambo ambalo hakuna kitabu kinasema, wananuka! Kinyesi cha ndege na samaki, unasikia kabla hujawaona. Pili wanagombana, wanaibiana vijiti vya viota mchana kweupe mwenye kiota akigeuka tu. Waambieni watoto hayo, wa kwangu ndio wanayoyakumbuka mpaka leo. Na madoa meusi ya kifuani kila mmoja ana mpangilio wake haufanani na wa mwingine, watafiti wanawatambua kwa hayo.

Nyingine ni ile ya mafuta, hiyo wapeni watoto kama hadithi. Juni 2000 meli inaitwa Treasure ilizama kati ya kisiwa cha Robben, pale alipofungwa Mandela, na kisiwa cha Dassen, mafuta yakamwagika baharini na pengwini kama 19,000 wakapakwa. Watu wa kujitolea wakaja kwa maelfu wakawaosha mmoja mmoja kwa mkono. Wengine kama 19,500 ambao walikua bado wasafi wakakamatwa wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa Port Elizabeth, wakaachiwa baharini huko ili wakati wanaogelea kurudi kwao bahari iwe imeshasafishwa. Watatu wakawekewa vifaa vya kuwafuatilia kwa setilaiti, wakapewa majina Peter, Pamela na Percy, watu wakawa wanaangalia kila siku wamefika wapi. Walirudi! Ni zaidi ya km 700, ziwa letu lote toka Burundi mpaka Zambia ni km 670 hivi, kwa hiyo ni mtu aogelee Tanganyika yote na apitilize.

mwl_ujiji aliandika:

Ndugu yangu wa Kasulu asante sana, hii ya malori nilikua sina.

Jana niliijaribu kwa mawese. Beseni, maji, unyoya wa bata, nikadondosha mawese yale mekundu kijiko kimoja yakatandaa juu, mtoto akapitisha unyoya. Ule unyoya uliokua unarusha maji wiki iliyopita umeshikana mwekundu wote umelala. Wakajaribu kuosha na maji matupu haitoki, wakaomba sabuni wenyewe, sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, wakaosha wakabadilisha maji wakaosha tena mpaka vidole vimekunjamana. Hawakutaka kwenda mapumziko. Mmoja akauliza ndege mzima unamuosha muda gani akiwa anakudonoa? Ndio swali lenyewe hilo, na jibu ni kwamba walivaa glovu na wakadonolewa kweli. Na aliyeoshwa harudishwi baharini hapo hapo, anasubirishwa mpaka manyoya yakae sawa tena.

Bangwe Kwetu aliandika:

Sawa mwalimu, hiyo ya mawese nimeielewa na nitamwambia mwalimu wa mwanangu. Ila swali langu, hao wa Afrika mbona nasikia wanaisha? Au ni mafuta?

Mha wa Cape aliandika:

Mafuta ni sehemu. Zamani watu walikua wanakusanya mayai yao kwa wingi sana wanakula, na wakachimba ile mbolea ya kinyesi kilichorundikana visiwani, ambayo ndio pengwini walikua wanatoboa mashimo ya kutagia humo, ikaisha wakabaki kutagia juani. Sasa hivi kubwa ni chakula, sardini na anchovi wamepungua na wamehama, meli za uvuvi nazo zinavua hao hao. Mwaka 2024 wakawekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, jozi zinazozaa hazifiki 10,000. Machi 2025 mahakama ikatoa amri ya kufunga uvuvi wa sardini na anchovi kuzunguka maeneo sita wanakotagia kwa miaka kumi.

Mzee wa Kibirizi aliandika:

Hata sisi tulifungiwa. Ziwa lilifungwa 2024 kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Ilikua ngumu nyumbani sitaficha, kila mtu anakumbuka miezi ile. Lakini hoja yenyewe naielewa, samaki lazima apewe nafasi azae. Hao watoto wa awali walikua wadogo ila kaka zao wanakumbuka, mwalimu waulize majumbani mwao baba alifanya nini ziwa lilipofungwa, alafu ndio uwaambie habari ya huyo ndege anayetaka dagaa wale wale anaotaka binadamu. Wataelewa haraka kuliko mtoto wa Dar.

mwl_ujiji aliandika:

Mzee nakuomba siku moja uje darasani uwaambie hilo mwenyewe. Nasema kweli, nitakufuata Kibirizi.

Na kwa walimu, kwenye hili la kutoweka tuwe na kiasi. Mtoto wa miaka mitano usimtwishe mzigo wa kwamba ndege wanaisha wote na yeye afanye kitu, hana cha kufanya atabaki na hofu tu. Mpe ile ya kuosha, watu walikuja, waliosha, pengwini wakarudi kwao. Ya kutoweka kwa takwimu iacheni la nne la tano huko.

MamaPacha aliandika:

Mrejesho. Nimefanya ya kuzima sauti, nimesimulia mwenyewe, na kweli nilipowauliza wakasema "mama yake alimuacha" sio "alikufa". Nimewaambia ile ya sauti. Sasa wanajificha mmoja nyuma ya pazia mwingine anaita, siku nzima nyumba ni kelele. Swali lao jipya, pengwini anakunywa maji gani kama bahari ni chumvi?

mwl_ujiji aliandika:

Anakunywa hayo hayo ya chumvi mama, ana tezi juu ya macho zinachuja chumvi kwenye damu alafu inatoka puani matone matone, ndio maana utaona kwenye video wanatikisa vichwa. Waambie waangalie hilo wakati sauti imezimwa.

Tabora Ipuli aliandika:

Mwalimu nimechora uwanjani leo, wa nyuma na wa mbele wameona wote. Nipe vipimo vizuri vya mwili maana kichwa nimekifanya kikubwa mno.

mwl_ujiji aliandika:

Kichwa kidogo, shingo kama haipo, mwili ndio mkubwa na umenyooka. Kwa yule wa sm 65 kichwa na mdomo visizidi sm 12 kwenda juu, mabawa yaanzie begani yaishie chini kidogo ya katikati ya tumbo na yawe membamba, miguu mifupi iko chini kabisa karibu na mkia. Usisahau ule mstari mweusi wa kifuani unaopinda na kushuka ubavuni, na madoa kila kundi wajiwekee ya kwao wanavyotaka ili pengwini wa kila kundi ajulikane.